Ferdinand yupi? Kwa muuguzi anayecheka vita vya zamani

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Nikirudi asubuhi silali mpaka nisome, na kwa miezi kadhaa sasa sisomi kitu kingine ila riwaya za kuchekesha za mambo ya kale: vita, wafalme, majenerali wasiojua walitendalo. Hivi sasa niko na Švejk, yule askari wa Kicheki, kwa Kiingereza. Kazini sijakosa hata siku moja. Lakini dada yangu ninayeishi naye anasema nakimbia maisha, tena ni aibu kucheka vita vilivyoua watu. Neno la pili limenichoma. Je, ana haki? Na niendelee kusoma nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole na zamu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na lile neno lililokuchoma nitalifikia. Niruhusu kwanza nishughulike na la kwanza, maana dada yako ametumia kitenzi ambacho hakikufai.

Anayekimbia huwa anaacha kitu: deni, kesi, ndoa, kazi. Harudi, na akirudi ujue amerudishwa. Lakini tunalo pia jambo liitwalo kupunga upepo. Mimi naishi Tanga. Jumapili jioni nenda Raskazone uwaone watu walivyojaa: wamefunga maduka, wamemwachia jirani mgonjwa wao, wamebeba watoto, wanatafuna mihogo huku wanaitazama bahari. Hakuna anayewaambia wametoroka. Giza likiingia wanageuza kurudi, na matatizo yao wanayakuta palepale walipoyaacha. Wewe hujakosa zamu hata moja. Kitabu chako ndiyo Raskazone yako, na hapo mimi na dada yako tungeweza kumaliza.

Ila ningekuwa nimekujibu nusu. Upepo unaweza kupungwa kwa mpira, kwa tamthilia za televisheni, kwa kusuka ukili. Wewe umekwenda moja kwa moja kwenye kichekesho cha historia na umeng'ang'ania hapo, na sidhani ni bahati tu.

Wodini hujui mwisho. Mtoto ameletwa saa nane usiku, homa imepanda, umefanya kila ulichofundishwa, na bado hujui kukipambazuka atakuwaje. Unatoka, unafungua redio, ni yaleyale: bei za vitu, vita vya mbali, mvua zilizochelewa, na msomaji wa habari hajui kesho kuna nini kama usivyojua wewe. Akili huchoshwa na ubaya wa habari, lakini huchoshwa zaidi na kutojua zinaelekea wapi. Sasa urudi nami kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chako.

Bibi Müller, mwanamke anayemfanyia Švejk usafi wa nyumba, anamwambia kwamba wamemuua Ferdinand. Ni Prague, mwaka 1914, na habari ya Sarajevo ndiyo kwanza imefika: mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria amepigwa risasi tarehe 28 Juni. Švejk amekaa anajisugua magoti kwa dawa ya baridi yabisi. Anauliza: Ferdinand yupi? Yeye anawafahamu wawili. Mmoja hutumwatumwa katika duka la dawa na siku moja alikunywa mafuta ya nywele kwa bahati mbaya. Mwingine kazi yake ni kuokota mavi ya mbwa. Kwa maoni yake, hata mmoja kati ya hao si hasara.

Tazama ulivyowekwa hapo wewe msomaji. Švejk hajui kilicho mbele. Bibi Müller hajui. Polisi kanzu aliyekaa kwenye baa anategea maneno ya walevi hajui. Unayejua ni wewe. Unajua kwamba baada ya wiki chache Ulaya nzima itakuwa inawaka. Unajua kwamba ikifika Novemba 1918 dola hiyo yenye mihuri, magwanda na picha za Kaisari katika kila ukuta itakuwa imevunjika vipande, na Wacheki watakuwa na nchi yao pamoja na Waslovakia. Kila afisa anayemfokea Švejk humo anafoka kwa jina la kitu ambacho hakitakuwepo, na ni wewe peke yako uliyekwisha kuambiwa. Riwaya ya kawaida haiwezi kukupa hilo, kwa sababu mwisho wake anao mwandishi mfukoni. Riwaya ya kihistoria mwisho unao wewe kabla hujaufungua ukurasa wa kwanza. Kwa mtu aliyekesha usiku mzima bila kujua, kukaa saa nzima mahali ambapo yeye ndiye ajuaye ni mapumziko makubwa. Ndiyo maana vitabu hivi vinakushika, na sioni ugonjwa wowote hapo.

Kisha upo ule ubwege wenyewe. Wanafasihi wetu walilichukua neno bwege, lenye maana ya mtu mjinga, wakalifanya jina la maandishi ambamo mambo hayafuati akili ya kawaida, na naona walichagua vyema. Katika Švejk bwege hubeba kazi yote. Mwenye baa, Palivec, anakamatwa kwa sababu alisema nzi waliichafua picha ya Kaisari na ndiyo maana akaitoa ukutani. Nzi hawakukamatwa. Madaktari wa jeshi walishamtangaza Švejk kuwa ni punguani, naye analitaja jambo hilo kwa fahari kama mtu anayetaja shahada yake. Silaha yake ni utii. Akiamriwa, anatii mpaka mwisho wa neno, kwa uso mkunjufu, hadi amri yenyewe inaanguka kwa uzito wake. Anapaswa kwenda Budějovice kuungana na kikosi chake. Anatembea kwa miguu siku kwa siku, anazunguka na kurudi alikotoka, kila anayemsimamisha anamwambia kweli tupu kwamba anakwenda Budějovice, na kwa kuwa anasema kweli wanamshuku kuwa jasusi wa Warusi.

Wewe umefanya kazi mahali penye fomu, mihuri na amri zinazopishana. Nadhani hapo ulicheka mpaka ukamwamsha dada yako.

Na aliyeandika haya hakuwa amekaa pembeni. Jaroslav Hašek alizaliwa Prague mwaka 1883. Mwaka 1915 aliingia jeshini, Kikosi cha 91, akapelekwa mstari wa mbele, na Septemba mwaka huohuo akatekwa na Warusi. Baadhi ya maafisa wa kitabuni aliwachora kutokana na watu aliotumikia chini yao. Alianza kukiandika mwaka 1921 akiwa na mpango wa juzuu sita. Afya ilipomshinda akawa anasema na karani anaandika, na alifariki Januari 1923 akiwa na miaka 39, juzuu ya nne ikiwa haijamalizika. Utaona unapofika mwishoni: hadithi inakatika tu, kama mtu aliyeitwa nje katikati ya mazungumzo. Kicheko unachokisikia humo ni cha mtu aliyekuwa mle ndani.

Tena mkumbushe dada yako kwamba nyinyi wawili mmelelewa na fasihi hii. Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Kiarabu aliyeishi Baghdad na kufariki karibu na mwaka 814. Harun al-Rashid naye alikuwa mtu kweli. Alitawala kuanzia 786 hadi 809. Watu wakawachukua wawili hao, wakawazungushia vioja ambavyo havikuwahi kutokea, na hekaya zikasafiri mpaka pwani yetu, ambako mshairi akawa Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, analirudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema limezaa. Jirani anapokea vyote viwili kwa furaha. Safari ya pili harudishi kitu, anasema sufuria limekufa. Wanafikishana mbele ya kadhi, na jirani anashindwa, maana aliyekubali sufuria kuzaa atakataaje sufuria kufa? Bibi aliyetusimulia hakudhani kwamba sufuria huzaa. Alikuwa anamfahamu mkopeshaji wa aina hiyo, labda nyumba ya tatu kutoka kwake. Tulicheka, tukalala, asubuhi tukaenda shule, na hakuna aliyesema tunakimbia maisha.

Sasa aibu. Hapa dada yako amegusa kitu, na sitakusaidia kukipuuza.

Rudi Raskazone. Pale watu wanapopunga upepo ndipo usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilipoanza kushuka melini, wengi wao wakiwa askari kutoka India waliokaa baharini wiki kadhaa wakiugua kichefuchefu. Walikuja kama 8,000. Mjini walikuwepo mwanzoni wachache mno, na hata askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walipoteremka kwa gari moshi kutoka Kaskazini hawakuzidi sana 1,000. Kabla ya kushusha watu, kapteni wa meli ya kivita alikwenda kuutaka mji ujisalimishe, akauliza kama bandari imetegwa mabomu, akaambiwa imetegwa. Haikuwa imetegwa. Wakapoteza muda wakiyasafisha maji yasiyo na kitu, huku gari moshi likileta watu. Tarehe 4 wakashambulia kupitia mashambani, mapigano yakaitibua mizinga iliyotundikwa mitini, na nyuki wakatoka. Tarehe 5 walikuwa wanarudi melini, nyuma yao wameacha bunduki mamia na risasi zaidi ya nusu milioni. Hadi leo vinaitwa vita vya nyuki.

Nimewasimulia wanafunzi kisa hiki kwa zaidi ya miaka 20, na kila mwaka darasa linaangua kicheko kwenye nyuki. Siwazuii. Wakishatulia nauliza: na mizigo ya vita hivyo ilibebwa na nani? Darasa linakuwa kimya. Vita havikuishia Tanga. Viliendelea miaka minne, kupitia Rufiji, Msumbiji, hadi Rhodesia ya Kaskazini, ambako Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia. Barabara hazikuwepo na wanyama waliuawa na mbung'o, kwa hiyo unga, risasi na mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, na wanahistoria wanaona idadi ya kweli ilizidi hapo kwa mbali. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Tunanunua vitambaa na dagaa juu ya jina lao.

Kwa hiyo swali ninalokuomba uwe nalo unaposoma ni hili: kicheko kimemkalia nani, na je, kitabu kinajua kwamba kuna waliokufa? Kipo kicheko kinachomkalia jenerali, na kipo kinachomkalia mpagazi. Kusema kwamba vyote ni vichekesho ni sawa na kusema dawa zote ni dawa, na wewe hilo unalijua kunishinda.

Mpime Švejk. Nina hakika umeshafika kwenye ile sura ya hospitali ya jeshi. Wagonjwa wa kweli wanahesabiwa waongo wanaokwepa vita. Wanawekwa bila chakula, wananyweshwa kwinini, wanasafishwa tumbo kwa maji ya sabuni, wanazungushiwa shuka za maji baridi, mpaka wakubali kwamba ni wazima na kwenda mbele. Kila kitu kimeandikwa kwa sauti ileile ya uchangamfu iliyomleta Ferdinand wa mafuta ya nywele. Wewe ni muuguzi. Nadhani ulicheka mstari wa kwanza na wa pili, halafu pakawa na mstari ambapo kicheko kiligoma. Hapo ndipo Hašek alipokuwa anakupeleka tangu baa ya Palivec. Zaidi ya askari milioni moja wa dola ile hawakurudi, naye anajua. Hajakuruhusu usahau, amekupitisha tu mlango wa uani. Mwambie dada yako mstari uliokusimamisha.

Pima na kitabu kingine sasa, kinachotuhusu zaidi. Mwaka 1982 William Boyd, Mwingereza wa asili ya Uskoti aliyezaliwa Ghana, alitoa riwaya inayoitwa An Ice-Cream War, kuhusu vita hivyohivyo vya huku kwetu. Mmoja wa wahusika ni mlowezi wa Kimarekani upande wa Taveta ambaye jirani yake Mjerumani anamchukulia korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, na kwa muda wote wa vita shida yake kubwa ni kuirudisha. Dunia inaungua na mtu anatafuta korona. Huo ni ubwege wa daraja la juu, na mtu aliyekulia jirani na mashamba ya mkonge ataucheka kwa namna ambayo msomaji wa London hawezi. Mapigano ya Tanga nayo ameyaeleza vizuri sana. Lakini wapagazi wamebaki ukingoni mwa picha, kama vivuli, na majina yao hatuyapati. Nakushauri ukisome, ni kitabu kizuri. Kisome tu ukiwa umewabeba watu wa Kariakoo kichwani, kwa sababu mwandishi hakuwabeba vya kutosha.

Upo pia mkasa ambao bado namngoja mwandishi wa Kiswahili auandike, wa Kigoma au wa Kalemie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, maana pande zote mbili wanaongea lugha hii. Wajerumani walijenga meli kwao Papenburg, wakaifungua vipandevipande, wakaileta Dar es Salaam ndani ya maelfu ya makasha, wakaisafirisha kwa reli hadi Kigoma na kuiunga upya, wakaiita Graf von Götzen. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo kutoka kwao, wakizivuta kwa ng'ombe na matrekta ya mvuke kupanda na kushuka milima ya Kongo. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, sauti za paka na mbwa kwa Kifaransa, na alizoea kutembea amevaa sketi. Alifanikiwa! Disemba 1915 aliteka meli moja ya Wajerumani na Februari iliyofuata akazamisha nyingine. Götzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani kwa mikono yao mwaka 1916, baada ya kuipaka injini mafuta mazito ili isiharibike. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba wafanyabiashara, magunia ya dagaa na wakimbizi kwa vizazi. Nani alikata miti njia ya boti zile ipite? Nani alibeba makasha? Anayetaka kutuchekesha kwa kisa hiki ana kazi nzuri mbele yake, na nitakuwa wa kwanza kununua.

Nikujibu la mwisho. Angalia tafsiri uliyonayo. Ya Paul Selver ya mwaka 1930 imepunguzwa sana; ya Cecil Parrott ya mwaka 1973 ni kamili, na ndiyo nikutakayo uisome hata kama ni nene. Ukiona Švejk amerefuka, pumzika kwa Candide ya Voltaire ya mwaka 1759. Ni fupi, inamalizika asubuhi mbili, na ndani yake limo tetemeko la ardhi lililoubomoa mji wa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na mwalimu anayesisitiza, katikati ya vifusi, kwamba kila kitu duniani kiko mahali pake panapostahili. Na Abunuwasi usimwache. Msome kwa sauti.

Jambo moja nakuomba ulichunge, bila kukufundisha kazi yako. Ukifika mahali unafungua kitabu na hucheki tena, unapitisha tu macho ili usingizi usije na zamu isifike, basi zungumza na mtu unayemwamini kazini. Hiyo haitakuwa tena kupunga upepo. Kwa maelezo yako hujafika huko hata karibu.

Kwa dada yako fanya hivi. Chagua siku ambayo huna zamu, umtafsirie ukurasa wa Ferdinand, papo kwa papo, kwa Kiswahili chenu cha nyumbani. Akishacheka, fungua sura ya hospitali usome mpaka pale ulipokwama, ufunike kitabu. Msibishane. Na likizo ikiwajia, njooni Tanga. Nitawapeleka Raskazone kabla jua halijazama, tununue mihogo, niwaonyeshe meli zile zilisimama wapi.